Kapu la Mavuno na Habari za Njia: Teolojia ya Uhamiaji katika Ardhi ya Skimu

Teolojia ya Kikristo kuhusu uhamiaji ina maswali mawili makuu. La kwanza ni Mungu anasimama wapi mtu anapong'olewa kwao na kuingia njiani. La pili ni aliyefika salama anawiwa nini na wale aliowakuta, na anawiwa nini na watakaofika baada yake. Swali la kwanza limeandikiwa vitabu vingi. La pili limepewa nafasi finyu, ilhali ndilo linalowakabili kila siku Wakristo wa sehemu kama Naitiri, ambako maboma mengi yalianzishwa na watu waliohamia humo katika miaka ya 1960.

Naitiri iko katika eneo bunge la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, mashariki ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Enzi za ukoloni upande huu ulihesabiwa katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Mpango wa kuwapa ardhi askari wa Kizungu waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia ulianza 1919, mji wa Kitale ukaanzishwa 1920, na reli ikaufikia 1926. Mwafrika aliruhusiwa kuishi katika mashamba hayo kama skwota. Sheria ya 1918 ilimdai siku zisizopungua 180 za kazi kila mwaka ili yeye, jamaa yake na ng'ombe wake wavumiliwe. Uhuru ulipokaribia, ukabuniwa mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962. Mashamba ya Wazungu yalinunuliwa kwa fedha za mkopo, sehemu kubwa kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, yakakatwa vipande, na familia zipatazo 35,000 nchini kote zikapewa makao. Tongaren, Ndalu, Kabuyefwe na Naitiri zilizaliwa hivyo, na mpaka leo watu wa huko huiita ardhi yao skimu. Wengi waliokuja walikuwa Wabukusu kutoka miteremko ya Elgon, lakini walikuja pia Watachoni, Wakabras, Wamaragoli, Wateso na Wakikuyu.

Kila kundi lilikuja na kanisa lake. Wabukusu wengi walikuwa wamelelewa na Marafiki, yaani Wakweka, ambao misheni yao ya kwanza ilifunguliwa Kaimosi mwaka 1902 na baadaye ikaenea hadi Lugulu. Wengine walikuwa wamebatizwa na mapadri wa Mill Hill. Wamaragoli walileta Upentekoste wa Nyang'ori, na baadhi yao walileta Kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, ambalo waumini wake huandamana barabarani wakiwa na bendera na ngoma kana kwamba kila Jumapili ni siku ya kuhama. Kwa hiyo katika skimu kanisa halikumtangulia mwumini. Mkulima alijenga kibanda, akalima, akaomba na majirani zake, na mchungaji au padri akafuata nyuma. Jehu Hanciles, mwanahistoria wa dini kutoka Sierra Leone, ameonyesha kwamba kwa karne nyingi Ukristo umesambazwa na wahamiaji wa kawaida kuliko na wamishonari waliotumwa rasmi. Naitiri inaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa hoja yake.

Watu waliohama namna hii hawakukosa hadithi ya Biblia ya kujielezea. Kitabu cha Kutoka kilikuwepo: utumwa, njia ndefu, kisha nchi iliyojaa neema. Tena masimulizi ya Wabukusu wenyewe husema kwamba babu zao walitoka Misri, na mwanahistoria Gideon Were aliyahifadhi masimulizi ya namna hiyo katika kitabu chake kuhusu Waluhya kilichotoka 1967. Msikilizaji aliyekwisha kupokea simulizi hilo kutoka kwa babu yake hakuona ugeni wowote aliposomewa habari za Musa. Lakini hakuwa wa kwanza kuipanda nyanda hiyo akiwa na Kutoka mkononi. Mwaka 1908 Makaburu chini ya Jansen van Rensburg walishuka Mombasa wakitokea Afrika Kusini, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru, wakaendelea na magari ya maksai hadi Uasin Gishu. Walikuwa Wakristo wa Kanisa la Kidachi lenye mapokeo ya Kikalvini, na katika mapokeo ya Makaburu safari za namna hiyo zilisomwa kama safari ya Waisraeli. Mmisri wao alikuwa Mwingereza aliyewashinda vitani 1902, na Kanaani yao ilikuwa ardhi aliyowapa Mwingereza huyo huyo. Kazi ya umisheni iliyotokana na kanisa lao huko Eldoret ndiyo iliyokuja kuzaa Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, ambalo leo ni la Waafrika.

Katikati ya nyakati hizo mbili yuko Elijah Masinde. Aliwahi kuwa muumini wa Marafiki huko Kimilili, akatengwa baada ya kuoa mke wa pili, na katika miaka ya 1940 akaongoza Dini ya Msambwa. Kwake mlima Elgon ndio uliokuwa Sayuni. Aliyapokea Maandiko na mizimu ya wahenga kwa pamoja, akawaambia watu kwamba aliyepaswa kuhama ni Mzungu. Mafundisho hayo yaliwaingia sana maskwota wa Trans Nzoia, upande wa Kitale, watu walioishi katika ardhi waliyoilima bila haki yoyote ya kuiita yao. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi mkusanyiko wa wafuasi wake Malakisi na watu 11 wakafa. Masinde alikamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu, akakaa huko miaka zaidi ya 10. Dini yake ilipigwa marufuku mwaka huo wa 1948, na Serikali huru ya Kenya nayo ikaipiga marufuku 1968. Wanateolojia wengi wa makanisa makubwa wamemwacha Masinde mikononi mwa wanahistoria wa siasa. Hilo ni kosa, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza kwa sauti, mbele ya kila mtu katika eneo hilo, kama Mungu ana neno juu ya nani akae wapi.

Udhaifu wa kujisomea Kutoka peke yake uko kwenye mwisho wa safari. Kanaani haikuwa tupu. Mwaka 1989 Robert Allen Warrior, mwandishi wa kabila la Osage huko Marekani, aliwaambia wanateolojia wa ukombozi kwamba yeye kila akiifungua hadithi hiyo hujiona miongoni mwa Wakanaani. Mungu anayewatoa watumwa ni yule yule anayeamuru wenyeji wafutwe. Musa Dube wa Botswana aliiendeleza hoja hiyo mwaka 2000 kwa kumsoma Rahabu, mwanamke wa Yeriko ambaye hadithi inamsifu kwa sababu aliwafungulia mlango wavamizi wa mji wake.

Naitiri haina haja ya kwenda mbali kuitafuta maana ya maneno hayo. Wasabaoti, watu wa mlima Elgon, wanaitaja Trans Nzoia kuwa malisho yao ya zamani, na madai hayo yalifikishwa kwa Tume ya Ardhi ya Carter iliyofanya kazi kati ya 1932 na 1934. Mzungu alipoondoka, mashamba hayakurudi kwa jamii zilizokuwa zikiyadai, yaliuzwa. Aliyeweza kulipa malipo ya kwanza na kubeba mkopo ndiye aliyepata. Juu mlimani mambo yalikwenda vibaya zaidi. Chepkitale ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1968, na wakazi wake wakahamishiwa Chebyuk, katika skimu nyingine iliyofunguliwa 1971. Ugawaji wake ulifutwa na kurudiwa mara kadhaa, hadi mwaka 2006 likazuka kundi la wapiganaji wa Kisabaoti lililoitwa SLDF. Mamia ya watu waliuawa na maelfu wakakimbilia Bungoma na Kitale, kisha Machi 2008 jeshi likaingia na operesheni yake ambayo nayo iliacha mateso na watu waliopotea wasionekane tena. Hapo mhamiaji na mwenyeji hawakutofautishwa hata kwa kabila. Wasabaoti walipigana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani alipewa kipande kwa haki.

Kabla ya hapo, mwisho wa 1991, mapigano yaliyoanzia katika shamba la Meteitei huko Nandi yalienea hadi Trans Nzoia na Bungoma. Watu waliokuwa wamenunua ardhi na kuzikia humo wazazi wao waliambiwa warudi kwao. Ndipo lilipopata nguvu neno baya la siasa za Bonde la Ufa, madoadoa, kwa maana ya watu wanaochafua rangi ya eneo. Neno hilo lilirudi 2007. Mtu aliyeishi katika shamba lake miaka 30 akawa doa, na mtoto aliyezaliwa humo akawa mgeni.

Mwaka 1995 Jesse Mugambi, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha kitabu kilichopendekeza kwamba Afrika iliyopata uhuru iache kujifananisha na Waisraeli wa jangwani. Alitaka kielelezo kiwe Nehemia, mtu aliyerudi kutoka uhamishoni na kuwaita watu wajenge upya ukuta wa mji, kila nyumba ikianzia mbele ya mlango wake. Pendekezo hilo lilipokelewa vizuri Afrika Mashariki, na kuna sababu ya kulipenda. Linamtoa mtu kwenye kulalamika na kumpa kazi. Hata hivyo kwa watu wa skimu lina tatizo ambalo wafuasi wa Mugambi hawakulikazia macho vya kutosha. Nehemia akishamaliza ukuta anawageukia waliooa wanawake wa Ashdodi, Amoni na Moabu, anawalaani na kuwapiga. Ezra anawataka wawafukuze wake hao pamoja na watoto wao. Ujenzi mpya wa Yerusalemu ulikuwa pia usafishaji wa madoa. Naitiri, ambako Mbukusu ameoa Mteso na Mkikuyu ameoa Mtachoni, haiwezi kuuchukua ukuta wa Nehemia bila kuuliza mlango wake umewekwa wapi. Ndani ya Biblia yenyewe jibu lilikwisha kutolewa na kitabu cha Ruthu, ambacho kinamweka Mmoabu katika ukoo wa Daudi. Wataalamu wengi wanakisoma kama pingamizi dhidi ya Ezra na Nehemia.

Sehemu ya Maandiko inayowafaa zaidi watu wa ardhi kama hii iko mahali ambapo mahubiri hayafiki mara nyingi, sura ya 26 ya Kumbukumbu la Torati. Mkulima aliyekwisha kukaa katika nchi anachukua malimbuko ya mavuno, anayatia kapuni, anampelekea kuhani. Hapewi ruhusa ya kuliweka kapu chini na kuondoka. Anatakiwa aseme, kwa kinywa chake, kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga aliyeshuka Misri akiwa na watu wachache, kwamba waliteswa huko, wakalia, wakatolewa. Ndipo anaposema kuhusu mazao yaliyo mbele yake. Kisha amri inaongeza kwamba furaha ya siku hiyo aile pamoja na Mlawi na mgeni aliye katikati yao. Kila mwaka wa tatu zaka yenyewe huachwa kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale vijijini mwake.

Mambo matatu yamefungwa pamoja hapo: mavuno, kumbukumbu ya njia, na mgeni mezani. Naitiri inayo yote matatu, lakini kila moja limekaa mahali pake. Mavuno yako kanisani. Baada ya mahindi kuvunwa na kukaushwa, makanisa ya eneo hilo hufanya sadaka ya mavuno, na mtu huleta debe au gunia, maharagwe, kuku, ndizi. Shukrani hutolewa kwa mvua na kwa afya. Ni nadra mtoaji kusema baba yake aliingiaje katika shamba hilo, alikuwa skwota wa nani, ni nani aliyekuwa akichunga hapo kabla.

Kumbukumbu ya njia iko matangani. Katika baadhi ya koo za Wabukusu, akifa mzee anayestahili heshima hiyo, huitwa msemaji wa kumuse. Hutembea katikati ya duara la watu akiwa na fimbo, akisimulia ukoo ulitoka wapi, ulipitia vilima gani, uligombana na kupatana na nani, na walio hai wanapaswa kuishi vipi. Hakuna anayemkatiza. Kwa miaka mingi wamishonari waliiona desturi hiyo kama upagani, na mpaka sasa wapo wachungaji wanaoondoka inapoanza. Yafaa wabaki. Hakuna ibada katika eneo hilo inayokaribia zaidi ungamo la mkulima wa Kumbukumbu la Torati. Kasoro yake ni kwamba inawafunga waliotajwa ndani ya ukoo, na jirani wa kabila lingine hukaa kama mtazamaji.

Mgeni naye yuko shambani baada ya mavuno. Wanawake na watoto wasio na ardhi hupita katika mistari ya mahindi wakiokota mahindi yaliyosahauliwa na punje zilizomwagika. Wenye mashamba wengi huwaachia, wengine hupeleka mifugo mapema ili isibaki hata punje. Mambo ya Walawi iliamuru pembe za shamba zisivunwe na masazo yasiokotwe, yawe ya maskini na mgeni, na Ruthu aliishi kwa sheria hiyo. Mtu anayetaka kujua kama kanisa la wakulima linaamini linachohubiri kuhusu wahamiaji angeanzia hapo, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, kabla ya kusoma tamko lolote.

Matamko yapo, na mengine ni mazito. Mwaka 1952 Papa Pius XII alitoa waraka wa Exsul Familia, unaoanza na Yusufu, Maria na mtoto wao waliokimbilia Misri, na kuwafanya mfano wa kila familia ya wakimbizi. Mwaka 2004 Vatikani ilitoa maagizo mapya ya uchungaji wa wahamiaji. Julai 2013 Papa Fransisko alikwenda Lampedusa kuwaombea waliozama baharini. Padri Daniel Groody wa Marekani amejenga teolojia nzima juu ya wazo kwamba katika Yesu Mungu mwenyewe alivuka mpaka na kuingia ugenini. Agbonkhianmeghe Orobator, Mjesuiti aliyefundisha Nairobi, aliandika mwaka 2005 kwamba kanisa la Afrika Mashariki litapimwa kwa wakimbizi wake. Maneno hayo yana uzito wa pekee kwa watu wa Kitale, maana barabara ya kwenda Lodwar na Kakuma inaanzia mlangoni pao. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, lililoanzishwa na Pedro Arrupe mwaka 1980, limefanya kazi humo kwa miaka mingi.

Teolojia hiyo karibu yote inamtazama mtu aliyevuka mpaka wa nchi, mwenye au asiye na karatasi. Inamchukulia msikilizaji wake kuwa mwenyeji anayepaswa kumpokea. Skimu inavuruga mpangilio huo. Mpaka wa Naitiri hauna askari wala muhuri. Ni mto, ni ua wa michongoma kati ya vipande viwili. Anayeambiwa apokee mgeni alikuwa mgeni jana, na kesho huenda akaambiwa tena kwamba ni mgeni. Ndiyo maana mahubiri ya ukarimu peke yake hayatoshi. Yanampa msikilizaji nafasi ya mwenye nyumba kabla hajaulizwa aliipataje.

Jambo hilo lilijaribiwa kwa damu mara mbili. Kanisa Katoliki lilipoamua nini lifanye kuhusu mapigano ya 1991 na 1992, Kitale ilikuwa bado chini ya Jimbo la Eldoret, kwa kuwa Jimbo la Kitale lilizaliwa 1998. Askofu wa Eldoret tangu 1990 alikuwa Cornelius Korir, Mkalenjin. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakikuyu walipokimbia nyumba zao, alifungua uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu na maelfu wakalala humo chini ya ulinzi wa askofu ambaye kwa hesabu za siasa alikuwa wa upande wa waliowafukuza. Tarehe 1 Januari 2008, si mbali na hapo, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia ndani, na makumi wakafa. Majengo mawili ya ibada katika eneo moja na siku zile zile. Mtu hawezi kusema juu ya kanisa kama kimbilio katika Bonde la Ufa bila kuyataja yote mawili.

Korir alieleza baadaye, katika kitabu cha Amani Mashinani cha 2009, jinsi alivyofanya kazi. Hakuanza na mkutano mkubwa wa hadhara. Alianza na watu wachache kutoka upande mmoja, kisha wachache kutoka upande wa pili, wakazungumza mbalimbali kwa miezi, na walipokutana walikula kwanza. Baadaye wakapewa kazi ambayo hakuna upande ungeiweza peke yake, kama barabara au shule. Marafiki nao walikutana Kakamega mwishoni mwa Januari 2008, mapigano yakiwa bado yanaendelea, na hapo kikazaliwa kikosi chao cha amani. Walifanya kazi Turbo na Lugari, majirani wa Tongaren, wakianza na blanketi na chakula kambini, wakiendelea na vikao vya kusikilizana pale waliofukuzwa walipojaribu kurudi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda wakimbizi wa ndani. Sheria inasema mtu arudishwe alikotoka au apewe makao mengine. Haisemi akirudi atasalimiwa vipi, na hiyo ndiyo sehemu iliyobaki mikononi mwa makanisa.

Kuna kipimo kimoja cha kukaa ambacho watu wa magharibi mwa Kenya hukiamini kuliko hati miliki, nacho ni kaburi. Kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Siaya Mei 1987 baada ya miezi ya mabishano mahakamani, iliwaonyesha Wakenya wote jinsi swali la mahali pa kuzikwa linavyobeba swali la kwao ni wapi. Kizazi cha kwanza cha skimu kilipambana nalo bila kelele. Wengine walirudishwa kuzikwa walikotoka, karibu na baba zao, na wengine walisema wazikwe hapa hapa. Kila aliyezikwa Naitiri aliwafungia watoto wake njia ya kurudi, akawafungulia njia ya kukaa. Kitabu cha Mwanzo kinalijua jambo hilo. Ibrahimu aliahidiwa nchi yote, lakini sehemu ya kwanza aliyoimiliki ilikuwa pango la Makpela, alilolinunua kwa shekeli 400 ili amzike Sara. Aliwaambia Wahiti waziwazi kwamba yeye ni mgeni kwao, akaombwa alichukue bure, akakataa, akalipa bei kamili mbele ya mashahidi. Katika sura hiyo hakuna vita wala amri ya kumfukuza mtu. Kuna mgeni anayeomba, wenyeji wanaokubali, na maiti anayezikwa. Ni ajabu kwamba Yoshua anahubiriwa mara nyingi kuliko Makpela.

Wanaskimu walikuwa na uzoefu mwingine unaoifungua sheria ya Walawi 25, ile inayosema ardhi ni ya Mungu na wanaoilima ni wageni na wapangaji wake. Kwa miaka mingi ardhi yao ilikuwa mikononi mwa wadhamini wa mfuko wa makazi wa Serikali, na mtu hakupata hati mpaka amalize mkopo. Walilima wakijua mwenye ardhi ni mwingine. Wengine walikufa kabla ya deni kuisha, na watoto wakalirithi deni pamoja na jembe. Hao wangeweza kuieleza sura hiyo vizuri kuliko mwalimu yeyote wa chuo cha teolojia, kama wangeulizwa.

Leo uhamiaji unakwenda upande wa pili. Kipande kilichomtosha mtu mmoja 1965 kimegawanywa kwa wana na wajukuu. Vijana wanakwenda Nairobi, wengine Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, ulinzi na udereva, huku pasipoti zao mara nyingi zikishikwa na waajiri. Makanisa yao ya nyumbani huwaombea kabla ya safari na hupokea sadaka zao kwa simu. Barua ya Yeremia kwa waliopelekwa Babeli, inayowataka wajenge, wapande na kuombea mji waliomo, ni vigumu kuisoma kwa binti anayelala jikoni Riyadh na asiyeruhusiwa kutoka nje, wala kukusanyika kanisani. Kwake zipo Zaburi za maombolezo na yupo Hajiri, mtumwa wa kutoka Misri aliyeteswa na bibi yake, akakimbilia jangwani, na huko akampa Mungu jina. Mtumwa huyo hana sauti kubwa katika mahubiri ya watu waliozoea kujihesabu wana wa Sara.

Wanaobaki wanagawana. Pale kikao cha familia kinapoketi, mchungaji au mzee wa kanisa mara nyingi huitwa awe shahidi, na kwa hiyo teolojia huingia katika mpaka wa shamba iwe imejiandaa au haikujiandaa. Swali gumu zaidi kwa sasa ni la mabinti. Katiba ya 2010 imewapa haki sawa ya kurithi, lakini hoja inayowazuia ni ya uhamiaji: binti ataolewa, atahama, atakuwa wa huko. Akirudi baada ya ndoa kuvunjika, anakuta yeye ni mgeni katika ardhi ambayo mama yake aliilima ili mkopo ulipwe. Kitabu cha Hesabu kina kesi hiyo hiyo, tena kinaiweka mahali panapofanana sana na skimu, watu wakiwa karibu kugawiwa nchi mpya. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa sababu hakuwa na mwana. Musa hakuwa na jibu, akalipeleka shauri kwa Mungu, na jibu likawa kwamba mabinti wamesema kweli, wapewe. Sura chache baadaye wazee wa ukoo walirudi na malalamiko yao, na mabinti wakaamriwa waolewe ndani ya kabila lao ili ardhi isitoke. Maandiko yameziacha hukumu zote mbili zikikaa pamoja, na mchungaji wa Naitiri anayeitwa kwenye kikao analazimika kuchagua atafungua ipi.